Jinsi ya Kutibu Fangasi wa Kucha za Mikono

Ukucha wa mkono unaponenepa, ukageuka kuwa wa njano au mweupe, ukameguka ncha na kuanza kubanduka kwenye nyama iliyo chini yake, wengi hununua dawa ya fangasi siku hiyo hiyo. Nawasihi wapime kwanza. Karibu nusu ya kucha zenye kasoro za namna hii hazina fangasi hata kidogo, kwani soriasisi (ugonjwa wa ngozi usiosababishwa na fangasi) na majeraha madogo ya kujirudia huweza kuuharibu ukucha kwa sura ile ile, na mgonjwa akajikuta anameza vidonge kwa wiki nyingi kutibu ugonjwa asio nao.

Mhudumu wa afya hukata kipande cha ukucha na kukwangua ungaunga uliojikusanya chini yake, karibu na mpaka wa sehemu ambayo bado ni nzima, kisha maabara huuchunguza kwa hadubini na kujaribu kuotesha vimelea, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Kama umekwisha kupaka dawa yoyote, mweleze, kwa kuwa dawa hiyo huweza kukifanya kipimo kisione fangasi ambao bado wamo. Kipimo hicho pia huonyesha aina ya fangasi. Fangasi aina ya kandida hupatikana zaidi kwenye kucha za mikono kuliko za miguu, hasa kwa watu ambao mikono yao hushinda majini, na fangasi hao hawasikii sana terbinafini, ambayo ndiyo dawa bora dhidi ya dermatofaiti, kundi jingine la fangasi wanaoshambulia ngozi na kucha.

Ikiwa maambukizi yako kwenye ncha tu ya kucha chache, dawa ya kupaka huweza kutosha. Amorolfini ya asilimia 5 hupakwa mara 1 au 2 kwa wiki kwa muda wa miezi 6 hivi, baada ya kuusugua ukucha kwa tupa na kuusafisha, maana dawa haipenyi vizuri kwenye ukucha mnene. Maambukizi yakiwa yamefika kwenye shina au yameenea kwenye kucha kadhaa, daktari kwa kawaida huandika vidonge: kwa mtu mzima, terbinafini miligramu 250 mara moja kwa siku kwa wiki 6, au itrakonazoli miligramu 200 mara mbili kwa siku kwa wiki 1, kisha mapumziko ya wiki 3 na wiki nyingine 1 ya dawa. Vidonge hivi visimezwe bila ushauri wa daktari. Vyote viwili huweza kudhuru ini, itrakonazoli haimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri na hugongana na dawa nyingine nyingi, na mjamzito kwa kawaida husubiri hadi ajifungue. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, acha dawa na umwone daktari mara moja.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: sehemu iliyoharibika haiponi, bali husukumwa nje na ukucha mpya unaokua kwa takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukucha mzima huhitaji miezi 6 hivi. Wiki 6 za vidonge huisha ukucha ukiwa bado na sura mbaya, na hilo halimaanishi kwamba dawa imeshindwa. Piga picha kila mwezi ili uone kama sehemu safi inaongezeka kutoka kwenye shina.

Wakati huo kata kucha fupi, tumia mkasi wako mwenyewe, kausha mikono vizuri na uvae glavu unapoosha vitu. Usikate ngozi laini inayoziba shina la ukucha, kwa sababu ndiyo inayozuia vimelea kuingia. Kagua na miguu pia, kwa maana fangasi wa vidole vya miguu asipotibiwa hurudi mikononi.

Mwenye kisukari asijitibu mwenyewe. Hali kadhalika, ukucha wenye usaha au rangi ya kijani huenda una bakteria, na mstari mweusi unaozidi kupanuka unapaswa kuchunguzwa haraka kwa sababu huweza kuwa saratani ya ngozi.