Mipira ya haidroliki kwenye loda ya trekta la mtumba: ninavyoibadilisha

Trekta langu ni Massey Ferguson 390, lililoundwa Coventry, Uingereza. Lilifanya kazi kwao miaka mingi kabla ya kunifikia hapa Magugu, Manyara, na lilikuja na loda yake mbele. Napakia nayo samadi, mchanga na pumba za mpunga, na msimu wa mavuno haipumziki. Chuma chake nilikikuta kizima. Kilichokuwa kimechoka ni mipira ya haidroliki, ile inayopitisha oili ya kuendesha loda: ganda la nje limepasuka magaga, na kwenye maungio oili inalowesha vumbi hadi linakuwa tope jeusi.

Mwaka wa kwanza nilibadilisha mpira mmoja mmoja, kila ulipopasuka. Kila mara nilimwaga oili na kupoteza siku nzima ya safari ya Arusha. Siku hizi nabadilisha yote kwa mkupuo, na naanza na jambo ambalo wengi wanaliruka: kuusoma mpira wa zamani ungali umefungwa mahali pake.

Mpira uliokufa huacha ushahidi. Ganda likiwa limelika upande mmoja hadi waya zinang'aa, ulikuwa unasuguliwa na chuma. Ukiwa umepasuka pale unapoingia kwenye kola, yaani pete ya chuma iliyobanwa kwenye ncha yake, ulikunjwa mno au ulikuwa mfupi, ukivutwa kila mikono ya loda inapopanda. Mstari wa maandishi ubavuni ukiwa umeuzunguka mpira kama kamba iliyosokotwa, aliyeufunga aliusokota wakati anakaza nati. Magaga mwili mzima, hayo ni jua na uzee.

Nilijifunza hili kwa hasara. Mpira wa silinda ya kijiko, upande wa kulia, niliufunga mpya kabisa, na wiki ya tatu ukapasuka palepale ulipopasuka ule wa zamani. Nililaumu mpira. Kumbe kulikuwa na kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye mkono wa loda, kona yake kali kama tindo, na mpira uliigusa pale tu kijiko kilipomwagwa hadi mwisho. Kijiko kikiwa chini, nafasi ya vidole vitatu ilionekana kati yao, kwa hiyo sikushuku kitu. Nilipiga kona ile tupa hadi ikawa mviringo, nikauhamisha mpira kwa kibano, na mpira uliofuata haukuguswa tena hapo.

Basi kabla ya kushika spana, mwambie mtu anayelijua trekta apandishe na kushusha mikono taratibu, afunge kijiko na kukimwaga hadi mwisho, nawe simama pembeni kwa mbali ukipiga video kwa simu. Angalia kila mpira unapita wapi katika kila hali. Video hiyo utaihitaji tena wakati wa kurudisha.

Sasa usalama, na hapa nakuomba usome polepole. Usitafute tundu la mpira kwa mkono. Kijana aliyekuwa akinisaidia alipitisha kiganja juu ya mpira uliokuwa unatoa ukungu mwembamba. Alama iliyobaki kidoleni ilikuwa nukta ndogo kama ya kuumwa na mbu, wala haikumuuma sana. Alitaka kuendelea na kazi. Kufika usiku kidole kimevimba na kuwa kigumu, na ilibidi apasuliwe. Oili yenye mgandamizo hupenya ngozi kama sindano na kusambaa ndani ya nyama. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari wazi kwamba ni oili ya mashine imeingia chini ya ngozi, maana akitazama nukta tu anaweza kuona ni jeraha dogo. Kutafuta tundu tumia kipande cha katoni: kipitishe karibu na mpira, kitalowa panapovuja.

Egesha mahali tambarare, weka kijiko chini kikalie ardhi, zima injini, kisha sukuma na kuvuta mikono ya valvu kila upande mara kadhaa ili mgandamizo uliobaki utoke. Usifungue nati yoyote huku mikono ya loda ikiwa juu kwa kutegemea oili peke yake. Ukifungua mpira wa silinda ya kunyanyulia, mikono inaanguka, na haikupi muda wa kuruka. Mimi hufanya kazi yote mikono ikiwa chini. Nikilazimika kuiinua, silinda naifungia chuma cha umbo la U kinachoizuia fimbo yake kurudi ndani.

Loda yangu ina mipira 14: 8 kwenye silinda nne, 4 kutoka valvu hadi mabomba ya chuma ya fremu, na 2 ya kuleta oili kwenye valvu na kuirudisha. Hesabu ya kwako. Kila mpira naufunga utepe wenye namba ncha zote mbili, na namba hiyohiyo naiandika kwa rangi ya kucha kwenye tundu ulikotoka. Rangi ya kucha haifutiki kwa oili kama kalamu ya wino. Ukichanganya mipira miwili ya kunyanyulia inayotoka kwenye valvu, ukivuta kupandisha loda itashuka, na aliyesimama karibu hana habari.

Urefu napima kutoka pale inapokaa koni, yaani ncha ya chuma inayoziba oili, hadi koni ya upande wa pili, siyo urefu wa mpira mtupu. Kama ncha moja ni kiwiko, yaani imepinda, pima hadi katikati ya tundu la kiwiko. Viwiko vikiwa viwili, andika vinaelekeana vipi, au bora uende dukani na mpira wenyewe. Na usinakili urefu wa zamani kwa upofu: kama ule wa zamani ulikufa kwa kuvutwa, ongeza. Mpira ukipata mgandamizo unaweza kufupika hadi asilimia 4, yaani sentimita 4 kwa kila mita, kwa hiyo usiufunge ukiwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Nyuzi za nati ndizo zinazowarudisha watu Arusha mara ya pili. Vifaa vilivyotoka Uingereza mara nyingi vina nyuzi za BSP, yaani za kipimo cha Uingereza, ila trekta lililopita mikono mingi unaweza kulikuta limechanganywa. Chukua venia, kile kipimo cha taya, upime upana wa nyuzi za nje za dume, yaani ncha inayoingia ndani ya nati. BSP inayoitwa ya nusu inchi ina karibu milimita 21, na nyuzi 14 kwa inchi. JIC, ambayo ni ya kipimo cha Marekani, inayotumika na mpira wa nusu inchi ina milimita 19, na nyuzi 16. Ya milimita 22 kamili huenda ni ya metriki. Angalia na koni: dume la BSP limechongwa koni kwa ndani, la JIC koni yake imetokeza nje. Nati ya BSP ikikubali mizunguko miwili kwenye kitu ambacho si BSP halafu ikakaza, usiilazimishe kwa spana. Hapo unaua adapta, yaani kiungo ambacho nati inafungwa juu yake, na adapta ile imekaa kwenye valvu.

Dukani, soma maandishi ya mpira kabla haujakatwa. Kwa loda naomba wa waya mbili, yaani wenye matabaka mawili ya waya ndani, ulioandikwa 2SN au R2. Wa nusu inchi wa aina hiyo unabeba mgandamizo wa bar 275, na matrekta mengi ya umri wa langu yanafanya kazi kati ya bar 170 na 210. Wa waya moja wa kipenyo hichohicho, 1SN, ni bar 160. Kwa macho ya nje inafanana, na bei ya wa waya moja inavutia. Mara moja niliuziwa wa waya moja nikiambiwa ni uleule. Tangu hapo nasimama pale unapokatwa na kuhesabu matabaka ya waya kwenye kidonda. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa. Mpira uliokaa juani kwenye rafu ya mbele miaka kadhaa usiuchukue.

Wengi hukata kwa grainda, na grainda huacha unga mweusi na vipande vya waya ndani ya mpira. Kabla ncha hazijabanwa, pitisha kitambaa cheupe kwa waya kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha upulizwe kwa kompresa. Cha kwanza nilichopitisha mimi kilitoka cheusi kama kimefuta sufuria, na katikati yake kimetameta chuma. Cha tatu ndicho kilichotoka safi. Kwenye trekta kama langu oili ya haidroliki ni ileile ya gia na difu, kwa hiyo uchafu huo hauishii kwenye silinda. Ukishasafishwa na kubanwa, ziba ncha kwa vifuniko, na usivitoe hadi dakika ya kufunga.

Shambani, osha maungio yote kwa brashi na dizeli kabla ya kufungua, hasa kama unafanya kazi na pumba kama mimi. Weka beseni chini. Oili ya zamani usiimwage kwenye mfereji. Maji yale yanaingia kwenye mpunga wa jirani.

Fungua mpira mmoja, funga mpya wake, ndipo uende kwenye wa pili. Tumia spana mbili: moja inashika adapta isizunguke, nyingine inazungusha nati. Kwenye langu nati za nusu inchi zinaingia spana 27, za inchi tatu kwa nane 22. Anza kwa vidole ncha zote mbili, acha mpira ujilaze wenyewe, kisha kaza. Mstari wa maandishi ukae umenyooka mwanzo hadi mwisho. Ukianza kujizungusha, legeza, urudishe, ushikilie mpira kwa mkono mwingine ukikaza. Nati ikishakaa kwenye koni, robo ya mzunguko kwa spana inatosha. Utepe mweupe wa mabomba ya maji usiuweke hapa. Kinachozuia oili ni koni, siyo nyuzi, na vipande vya utepe huishia kwenye valvu. Mkunjo nao usianzie kwenye kola. Acha vidole vitatu vya mpira ulionyooka kwanza, na kwa mpira wa nusu inchi duara la mkunjo lisipungue sentimita 36 kutoka ukingo hadi ukingo.

Kabla ya kuwasha, chora mstari kwa rangi ya kucha pale mpira unapoingia kwenye kila kola. Mstari ukija kusogea, kola haikubanwa vizuri na mpira unachomoka.

Washa injini kwa mwendo wa chini, watu wote wakae mbali na mikono. Kijiko kikiwa kitupu, pandisha na shusha taratibu, funga na mwaga, mara 8 au 10 kila upande. Mwanzoni loda itashtukashtuka kwa sababu ya hewa iliyomo, na hewa ikiwamo mikono inaweza kudondoka ghafla, kwa hiyo usibebe kitu bado. Ikitulia, fikisha silinda mwisho, shikilia kwa sekunde moja, kisha shusha, zima, na upitishe katoni kila kiungo. Pima oili kwa stiki mikono ikiwa chini; mipira mipya imekunywa kiasi, ongeza.

Rudia video ileile ya mwanzo na uilinganishe na ya sasa. Baada ya saa 10 za kazi napita tena na spana na kutazama mistari ya rangi. Vipimo vyote 14, na saizi za nati, nimeviandika ndani ya kifuniko cha boksi la spana, ili hata mpira ukipasuka saa kumi jioni nipige simu dukani ukatwe usiku huo, na asubuhi uje na basi la kwanza.