Somo: Safari fupi ya kuvua karibu na pwani kwa anayeanza

Anayetaka kuvua baharini kwa mara ya kwanza namshauri achague safari inayochukua muda wa saa 4, mahali ambapo nchi kavu bado inaonekana. Safari ya kutwa kwenda maji makuu hula saa nyingi kwa mwendo tu, ilhali karibu na pwani muda mwingi mshipi huwa majini, na mtu akizidiwa, kurudi si kazi kubwa.

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na nahodha kabla ya kulipa. Mwambie waziwazi kwamba hujawahi kuvua, kisha uulize kama vifaa na chambo vimo katika bei, kama leseni ya uvuvi ni ya chombo au kila abiria hujikatia yake, samaki watakaopatikana ni wa nani, na fedha zitakuwaje bahari ikichafuka. Uliza pia kama jaketi za kuokolea zinamtosha kila mtu, watoto wakiwemo. Nahodha anayekerwa na maswali haya, mwache.

Hatua ya pili ni siku yenyewe. Chagua asubuhi, kwa kuwa mara nyingi upepo huzidi kadiri jua linavyopanda. Ukiweza, epuka bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu mkondo huwa na nguvu na huburuta chubwi, yaani kile kizito kinachozamisha mshipi; maji mafu, yaani siku za katikati ambapo mkondo hupoa, humfaa zaidi anayejifunza.

Hatua ya tatu ni tumbo. Kichefuchefu huja kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho, yakiinamia simu au chambo, hayauoni. Kula chakula chepesi, kaa katikati ya boti mbali na moshi wa mashine, na utazame upeo wa macho.

Hatua ya nne ndiyo uvuvi wenyewe, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Teremsha mshipi huku dole gumba likiugusa kwenye gurudumu la fimbo ya kuvulia, lile linalozungushiwa mshipi, maana ukiuachia ovyo, gurudumu litazunguka kasi kuliko mshipi unavyotoka na nyuzi zitavurugana. Mshipi ukilegea ghafla, chubwi limefika chini. Lipandishe mizunguko miwili lisije likanasa mwambani. Kisha laza mshipi juu ya kidole cha shahada. Chubwi likigonga jiwe, utahisi pigo zito linalofuata mwendo wa mawimbi. Samaki hudonoa mara mbili tatu upesiupesi, bila kufuata wimbi lolote. Dakika 10 za kwanza zitumie kuijua tofauti hiyo tu.

Muulize baharia ndoano ni ya aina gani. Ile yenye umbo la herufi J huhitaji uivute kwa ghafla samaki anapokula. Ya mviringo ukiivuta hivyo utaichomoa mdomoni. Zungusha gurudumu kwa utulivu mpaka fimbo ipinde, nayo itageuka yenyewe na kushika pembe ya mdomo. Samaki akifika juu, mwachie baharia amkinge kwa wavu, wala usimshike kabla hujaambiwa, kwani wapo wenye miiba ya sumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sijui kuogelea. Naweza kwenda?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, mradi umwambie nahodha na uvae jaketi tangu unapopanda hadi unaposhuka. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu.

Swali: Mara iliyopita nilikunywa dawa ya kichefuchefu na bado nilitapika. Nilikosea wapi?

Jibu: Huenda uliinywa umechelewa. Nami niliwahi kuinywa boti ikiwa imekwisha kuondoka, na haikunifaa kitu. Dawa nyingi za aina hii hunywewa kama saa moja kabla ya safari. Nyingine huleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia, hasa ikiwa una mimba au unatumia dawa nyingine.

Swali: Chewa mdogo tuliyemrudisha alielea tumbo likiwa limevimba. Alikuwa mgonjwa?

Jibu: Hapana. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, hivyo samaki akipandishwa haraka hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka na kumzuia kuzama. Msimtoboe tumbo. Mwambieni baharia amshushe kwa kamba yenye uzito hadi kina alichotoka, kisha amwachie huko.