Ukitaka kumsaidia mzazi wa mtoto mwenye usonji, anza na nauli

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wazazi wenye watoto wenye usonji (autism) huku Mbagala, Dar es Salaam. Kila inapokaribia tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, napigiwa simu na watu wenye nia njema: jumuiya za kanisa, akina mama wa msikitini, wafanyakazi wa ofisini, vijana wa chuo. Wanauliza walete nini. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kabla hujanunua kitu, kaa na mama wa mtoto, au bibi yake, maana wengi wanalelewa na bibi. Usimuulize ana shida gani, atakujibu tu kwamba anamshukuru Mungu. Muulize wiki yake inakwendaje. Akienda sokoni mtoto anabaki na nani? Kliniki walikwenda lini mara ya mwisho, na mbona hawajarudi?

Hapo utasikia habari ya nauli. Kutoka huku hadi hospitali ya Muhimbili ni kuunga daladala, na asubuhi pale Rangi Tatu gari linagombewa kwa viwiko. Kuna watoto ambao honi na sauti ya konda vinawaumiza kweli, si deko. Mtoto wa namna hiyo akibanwa katikati ya watu atapiga mayowe, atajitupa chini, na abiria watamsema mama yake mpaka ashuke njiani. Inabidi akodi bajaji kwenda na kurudi, na hela ya bajaji ndiyo hiyo hiyo ya unga na mafuta ya maandazi anayouza. Akienda mara mbili, ya tatu anashindwa. Mazoezi ya kuzungumza na ya kutumia mikono huleta matokeo kwa kurudiwa. Yakikatika, mtoto anaweza kupoteza hata kile alichoanza kukipata.

Kwa hiyo fedha za fulana na keki zielekeze kwenye usafiri. Tafuteni dereva mmoja wa bajaji, mkubaliane naye kwa mwezi, na awe yuleyule kila safari. Watoto wetu wengi hutulia wakizoea sura moja na njia moja. Ukilipia familia moja miezi sita mfululizo umefanya kazi kubwa kuliko kugawia familia thelathini soda siku moja.

Kama huna fedha, toa muda wako. Mama wa mtoto huyu halali vizuri, haendi msibani, hafanyi biashara ya kumtoa nyumbani. Jitolee kukaa na mtoto Jumamosi asubuhi, lakini usifike leo ukataka aachiwe kwako leo. Njoo kwanza mara kadhaa mama akiwepo, siku ileile, saa ileile. Usijipake manukato makali. Usimshike kidevu ili akutazame usoni, maana anaweza kukusikiliza vizuri huku anaangalia ukuta. Sema maneno machache, kisha subiri. Wengine huchukua muda kujibu, na ukirudia swali unamrudisha mwanzo. Kama mnatoka nje, mwambie mapema kwamba tukimaliza uji tunatoka. Akirudia maneno yako kama yalivyo, usimcheke. Ndivyo anavyozungumza.

Vitu navyo vina nafasi yake. Vile vikinga masikio wanavyovaa wakata vyuma, utavipata kwenye maduka ya vifaa pale Gerezani. Chukua saizi ndogo, na mtoto avijaribu mwenyewe. Kwa asiyeongea, piga picha kikombe chake, sahani yake, choo chao na kandambili zake, zichapishwe steshenari na kuwekewa plastiki ngumu, ili aonyeshe anachotaka. Pampasi za wakubwa ni ghali mno na hakuna anayekumbuka kuzileta. Chakula uliza kwanza: kuna mtoto anayekula wali mkavu tu, ukimletea maharage umewaletea majirani.

Jambo moja halina gharama. Baadhi ya watoto hutoka nyumbani kimya kimya wakaenda mbali, na asiyejua kusema jina lake hawezi kuuliza njia. Ongozana na mama hadi kijiwe cha bodaboda, kwa mwenye duka na kwa mjumbe, mtoto akiwepo, wamjue na wawe na namba ya simu ya nyumbani. Mnunulieni komeo la kufungia juu ya mlango.

Wewe uliyezoea ofisi, omba ruhusa nusu siku umsindikize kwa Afisa Ustawi wa Jamii, anayeweza kusaidia habari ya msamaha wa matibabu na shule. Ilala kuna shule za serikali kama Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto zinazopokea watoto wenye mahitaji maalumu. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye usafiri.

Usichangie dawa ya "kuponya" usonji, hata kama anayeiuza anaheshimika. Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua tangu mapema; haukuletwa na laana, chanjo wala malezi. Kifafa ni jambo jingine. Huwapata baadhi ya watoto wenye usonji, kina tiba, na dawa zake hazitakiwi kukatishwa. Kulipia dawa hizo kila mwezi ni msaada mkubwa.

Picha za mtoto akipokea mchele, hapana. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, mtoto huyu atakua, na picha itabaki kwenye simu za watu. Ukihitaji ushahidi kwa waliochanga, omba risiti ya dereva na nakala ya daftari la hesabu za kikundi. Kikundi chochote kinachokataa kukuonyesha daftari usikipe fedha, hata kikiwa chetu.

Mwisho wa uwezo wako ukifika, toa taarifa mwezi mmoja kabla. Mama apate kupanga, dereva ajue, na kama ulikuwa ukija Jumamosi, mtoto aelezwe siku utakayokuja mara ya mwisho.