Kuandaa meza ya kitabu cha maombolezo Dodoma anapofariki rais mstaafu

Rais mstaafu akifariki, watu wa Dodoma hutafuta pa kwenda. Mazishi yenyewe huwa mbali: Mwalimu Nyerere alizikwa Butiama mwaka 1999, Mkapa kijijini Lupaso mwaka 2020, Mzee Mwinyi Mangapwani, Unguja, mwaka 2024. Mama anayeuza mboga Majengo hana nauli ya kufika huko, wala siku za kufunga genge. Meza ya kitabu cha maombolezo, iwe ofisi ya mtaa, shuleni au kazini, ndiyo inayompa nafasi ya kuaga. Iandaliwe kwa heshima hiyo.

Usitoe picha wala kitabu kabla ya tangazo rasmi. Msiba wa Mkapa ulitangazwa na Rais Magufuli, na wa Mzee Mwinyi ulitangazwa na Rais Samia. Ujumbe wa kusambaziana kwenye simu si tangazo. Likishatoka, fanya haraka. Mzee Mwinyi alifariki Alhamisi 29 Februari 2024, akazikwa Jumamosi 2 Machi. Ukingoja kamati ikae vikao viwili, mazishi yamepita. Lakini meza usiikunje siku ya mazishi: maombolezo ya kitaifa kwa Mkapa na kwa Mwinyi yalikuwa ya siku 7, na wengi huja baada ya kuona mazishi kwenye runinga.

Nunua kaunta buku mbili zenye jalada gumu, za kwaya 3 (kipimo cha unene wa daftari). Mtu mmoja huchukua dakika 2 hadi 3, maana yake kitabu kimoja kinahudumia watu kama 20 kwa saa. Ukifungua saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, ni watu 160 hivi kwa kila kitabu. Ukurasa utoshe watu wanne, usibane zaidi. Mtu akiona nafasi ni finyu anaandika jina tu na kuondoka. Piga mistari mapema: tarehe, jina, mtaa au kijiji, ujumbe, sahihi. Namba ya simu usiweke. Kitabu kinapigwa picha na kila mtu, na matapeli hawaombolezi. Weka peni za kawaida zisizopungua sita, maana za wino wa maji huchafua ukurasa mikono ikiwa na jasho.

Meza itandikwe kitambaa cheupe au cheusi, kisicho na maua wala nembo ya chama chochote, maana aliyefariki alikuwa rais wa wote. Upepo wa Dodoma ndio adui mkubwa hapa. Picha yenye fremu ya kioo iegemee ukuta na ifungwe kwa nyuma, isisimamishwe peke yake mezani. Kurasa zilizokwisha kuandikwa zibane kwa mpira. Mshumaa wa wazi karibu na karatasi chini ya turubai ni hatari, afadhali usiwepo. Turubai lielekezwe ili jua la mchana lisimpige anayeandika, na viti vinne au vitano viwekwe pembeni kwa wazee na wajawazito, pamoja na maji ya kunywa.

Kama eneo lenu lina mlingoti, bendera ndiyo inayokosewa zaidi. Kupepea nusu mlingoti si kuifunga katikati moja kwa moja. Asubuhi inapandishwa hadi kileleni, inatulia kidogo, kisha inashushwa hadi katikati. Jioni inapandishwa tena kileleni ndipo iteremshwe. Anayeifunga ahakikishe pembetatu ya kijani iko juu, upande wa mlingoti, na ya buluu iko chini, upande wa nje. Mkanda mweusi unaanzia pembe ya chini karibu na mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu upande wa nje. Ukiuona unashuka badala ya kupanda, bendera imegeuzwa. Iteremshe uanze upya. Kagua kamba pia, kwa sababu iliyochakaa hukatika upepo wa alasiri ukianza.

Mwandishi msaidizi ni wa lazima, na mchague mtu mwenye subira. Kuna wazee wasiojua kuandika na wengine ambao macho yamechoka. Asimwambie bibi "sema tu pole." Amkaribishe kwa shikamoo, amkalishe, amuulize angependa kusema nini, aandike kama alivyosema, kisha amsomee polepole. Akisema kwa Kigogo, andika Kigogo chake kwanza, tafsiri ya Kiswahili chini yake. Aweke dole gumba na msaidizi aandike jina la bibi pembeni. Maneno ya namna hiyo mara nyingi ndiyo yenye uzito kuliko yote kitabuni.

Kwa wanaoandika wenyewe, "Mungu ailaze roho yake mahali pema" inatosha, lakini sentensi moja ya kitu ulichokiona ni bora zaidi: mtoto wako alitibiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, au duka lako lilianza pale biashara zilipofunguliwa enzi za Mzee Rukhsa, yaani Mwinyi. Mwenye lawama naye asifukuzwe. Aandike kwa staha, maana urais ni jambo la umma.

Foleni iwe na njia ya kuingilia na ya kutokea, zisikutane. Tarehe 21 Machi 2021, Watanzania wakimuaga Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, msongamano uliua watu 45 kwa taarifa ya polisi. Mtaani umati ni mdogo, lakini mlango mmoja wa ofisi ukitumika kuingilia na kutokea unajaza watu vilevile.

Pesa msikusanye. Mazishi ya rais mstaafu yanagharamiwa na serikali, hivyo anayepita na karatasi ya rambirambi kwa jina la marehemu aulizwe na mwenyekiti wa mtaa.

Siku ya mwisho jioni, piga mstari chini ya jina la mwisho, andika idadi ya kurasa zilizojaa, mwenyekiti atie sahihi na mhuri. Piga picha kila ukurasa, kisha kabidhi vitabu kwa mtendaji wa kata kwa barua yenye nakala mbili, moja ikirudi kwenu ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa.