Stata ikilia ka-ka-ka, angalia waya kwanza

Hilux yangu ya 1994 iligoma alfajiri nikienda soko la mahindi Kibaigwa. Stata ka-ka-ka, taa zinafifia. Fundi akanishauri betri mpya; wiki haikuisha, yale yale.

Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa hasi, ule unaotoka betri kwenda injini. Nilipochana ganda lake karibu na kichwa, shaba ilikuwa ya kijani, inapukutika kama unga.

Zima gari. Kwa spana namba 10 fungua hasi kwanza, kisha chanya. Kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi, cheche zake utazikumbuka. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko wa zamani.

Pale waya unapofungwa kwenye injini, piga msasa mpaka chuma king'ae. Hapa ndipo wengi huona uvivu, na vumbi la Dodoma lilivyoganda na oili! Kaza bolti, ndipo upake grisi juu. Kile kiwaya cha injini kwenda bodi nacho kifanyie hivyo hivyo.

Kupima: mita ya umeme iweke kwenye volti, ncha moja hasi ya betri, nyingine injini, mwenzako apige stata. Ikisoma nusu volti, rudi kwenye msasa. Yangu sasa inasoma 0.1.