Ukitaka kumsomesha yatima Newala, anza na bibi yake

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala. Kila mwisho wa mwaka naletewa vitambaa vya sare, na vingine vimetumwa na watu walioko Dar es Salaam wanaotaka kuwasaidia yatima wa kwao. Nawaandikia hao.

Ada siyo mzigo tena. Katika shule za serikali, tangu Januari 2016 imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa hadi cha sita. Kinachomkalisha mtoto nyumbani ni sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha shuleni.

Mtafute anayemlea. Mara nyingi ni bibi mzaa mama, au mjomba. Mtendaji wa kijiji atakupeleka, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakwambia nani tayari anasaidiwa. Tafadhali, usiwaite watoto mbele ya mstari shuleni kwa jina la yatima. Nimeona wanavyoinamisha vichwa. Piga hodi nyumbani, kaa mkekani, zungumza na bibi.

Kisha angalia wakati. Shule hufunguliwa Januari, lakini bibi huanza kuhangaikia sare tangu mikorosho ikiwa na maua. Hapo ndipo mtu wa kangomba anapomjia: anampa fedha kidogo leo, korosho zikianguka ni zake. Serikali imekataza, ila shida haisubiri. Minada ikianza, wenzake wanapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, yeye ghala lake tupu. Kwa hiyo nenda mwezi wa saba, umwambie waziwazi kwamba sare za mjukuu ziko juu yako, na utimize. Hapo umeokoa na korosho zake, ambazo ndizo chakula chao cha mwaka.

Sare za dukani sizipendi, na sisemi hivyo kwa kuvutia kwangu. Mtoto hajapimwa, na pindo halina akiba. Nunua kitambaa, mpe fundi wa hapohapo kijijini. Aache upindo wa vidole vinne chini ya sketi na kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni. Mtoto akirefuka, unafumua na kupiga pasi. Kaptula naitia kiraka kwa ndani, makalioni, ingali mpya, kwa sababu hapo ndipo inapotoboka kwanza. Sketi moja inatosha, lakini mashati yawe mawili. Huku juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya kununua kwa ndoo, hakuna wa kufua kila siku.

Kwa msichana mkubwa ongeza taulo za kike, umkabidhi bibi au mwalimu wa kike.

Usimalize fedha zote Januari. Ukirudi mwezi wa saba utakuta madaftari yamejaa na viatu vimeachama, na wafadhili wengi hawapo. Mwombe mtoto akuletee madaftari yake, uyafungue moja moja pamoja naye, ndipo uende dukani.