Jinsi ya kuifanya kamera ya renjifainda idumu katika hali ya hewa ya Uganda

Kamera ya renjifainda, yaani ile ya filamu inayopima umbali kwa kulinganisha taswira mbili ndani ya dirisha la kutazamia, huweza kufanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Leica M3 ilianza kuuzwa mwaka 1954, na zipo zinazotumika hadi leo. Hata hivyo, ina tabia moja ambayo mwenye nayo hana budi kuielewa mapema: anapotazama, jicho lake halipiti kwenye lenzi. Kuvu ikienea ndani ya lenzi, pazia la shata (mlango unaofunguka kuruhusu mwanga ufikie filamu) likitoboka, au kipima umbali kikihama mahali pake, dirisha la kutazamia hubaki safi kama kawaida, na hasara hujulikana filamu ikishasafishwa. Ndiyo maana ninaamini kwamba maisha marefu ya kamera hii yanategemea ukaguzi wa mara kwa mara kuliko jina lililochongwa juu yake.

Kama bado hujanunua, tanguliza kamera ambayo shata yake inaendeshwa na springi na magurudumu ya meno pekee. Leica M6 ya mwaka 1984 ina betri, lakini ni ya kipima mwanga tu, na ikiisha shata huendelea na kasi zake zote. Leica M7 ya mwaka 2002, ingawa ni changa zaidi, bila betri hubakiwa na kasi mbili za shata, sekunde 1/60 na 1/125. Yashica Electro 35, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo bei yake ni nafuu, bila betri hupiga kwa kasi moja tu inayokaribia 1/500. Sakiti ya elektroniki ikifa ukiwa Gulu au Mbarara, si rahisi kupata nyingine, ilhali springi iliyolegea inaweza kurekebishwa na fundi stadi. Anayechagua Zorki-4 iliyotengenezwa Urusi enzi ya Kisovieti azingatie kwamba kasi hubadilishwa baada ya kuvuta filamu na kuikaza shata, kamwe si kabla, kwa sababu kinyume chake huharibu mitambo.

Ukaguzi wa shata hauhitaji vifaa vya gharama. Toa lenzi, fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, ingia katika chumba chenye giza na umulike tochi kwa mbele huku ukitazama kwa nyuma. Fanya hivyo shata ikiwa imekazwa, kisha ikiwa imeachiwa, kwani mapazia ni mawili na kila hali huonyesha moja. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu. Baada ya hapo weka kasi ya sekunde 1 na usikilize: mlio unapaswa kwenda mfululizo hadi mwisho, na ukisitasita, ujue grisi ya zamani imeganda. Kwa kasi ya 1/1000, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga na uirekodi kwa nyuma kwa video ya mwendo wa polepole ya simu. Upande mmoja wa fremu ukibaki mweusi, mikazo ya mapazia hailingani, na kazi hiyo ni ya fundi.

Kwa kipima umbali, wakazi wa Kampala wamebahatika kuwa na vilima. Simama Kololo, weka lenzi kwenye alama ya umbali usio na kikomo, kisha tazama mnara wa Msikiti wa Taifa ulioko Old Kampala. Taswira mbili za mnara zinapaswa kulala moja juu ya nyingine kabisa, bila kupishana pembeni wala juu na chini. Kisha pima mita 1 kwa futikamba kutoka kwenye alama iliyo juu ya kamera inayoonyesha mahali filamu ilipo na uangalie kama pete ya lenzi inakubaliana. Usiguse skrubu ya kurekebisha kabla ya kuthibitisha kosa kwa vipimo vyote viwili, maana kurekebisha upande wa mbali peke yake kunaweza kuharibu wa karibu.

Adui mkubwa kuliko wote hapa ni unyevu, hasa kwa wanaoishi Entebbe, Jinja na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa kila mtu katika misimu ya mvua. Kuvu hupenda giza, joto na hewa iliyotulia, na ikikaa muda mrefu asidi zake hula kioo chenyewe, kiasi kwamba hata baada ya kusafishwa alama hubaki. Mfuko wa ngozi uliouzwa pamoja na kamera ni mzuri kwa safari lakini haufai kwa kuhifadhia, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Tumia kopo la plastiki linalofunga sawasawa, pakiti za jeli ya silika na kipima unyevu kidogo, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwa moto mdogo na uitumie tena. Watu wengi huweka mchele badala yake. Mchele una vumbi la wanga, na nisingeuweka karibu na lenzi.

Dawa iliyo bora zaidi, hata hivyo, ni kuitumia kamera. Kila mwezi itoe ipate hewa na mwanga, kaza na uachie shata kwa kasi zote, ukianza na za polepole, na uzungushe pete za lenzi ili mafuta yasigande.

Jua la ikweta nalo lina hatari yake. Renjifainda haina kioo cha kuakisi nyuma ya lenzi cha kulinda pazia, hivyo lenzi iliyoachwa wazi ikilitazama jua hukusanya miali na kuchoma pazia la kitambaa. Ukiitundika kamera kifuani, funika lenzi kila unapopumzika. Pazia la chuma, kama la Canon P ya mwaka 1959, haliungui hivyo, ila hukunjika likiguswa na kidole.

Kwenye bodaboda, mtetemo hulegeza skrubu na vumbi jekundu huingia kila mwanya; ifunge katika kitambaa ndani ya mfuko, na vumbi ulipulize kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo. Canonet QL17 na wenzake wana sponji za kuzuia mwanga ambazo huyeyuka na kunata kwa miaka, zibadilishe mapema. Kipima mwanga cha Canonet kiliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, hivyo betri ya alkali ya volti 1.5 hukidanganya, na ile ya zinki na hewa ya vifaa vya kusaidia kusikia, nambari 675, inakaribia zaidi kwa volti 1.4.

Unapopeleka kamera kwa fundi, mpe pia filamu iliyosafishwa inayoonyesha kasoro pamoja na maelezo ya kasi na umbali uliotumia, na umwombe asiongeze mafuta kwenye mapazia wala kwenye visu (vibamba vyembamba) vya shata iliyo ndani ya lenzi, kwa sababu mafuta hapo ndiyo huvifanya vigandane.